Kikombe cha Nje

Kipo msumarini, nje ya mlango wa jiko,
cha plastiki, cha buluu, mkono wake umelambwa na moto.
Hicho ni cha Ndahani. Mama hakutamka sheria,
alikifunga tu kamba ya katani
na sote tukaelewa.

Sisemi hakuiba.
Aliuza sufuria ya ugali ikiwa bado na ukoko,
akauza mabati mawili ya choo,
akauza kitenge nilichopewa siku ya kipaimara.
Nikamkuta nyuma ya mashine ya kusaga, kaegemea ukuta,
shingo imeinama kama suke la uwele.
Nililia. Kisha nikampekua mifuko.

Hapa Chang'ombe jina lake lilikwisha mapema.
Teja kapita. Teja kaamka. Anua nguo, teja huyo.
Watoto walilijua neno hilo kabla ya kujua kufunga viatu.
Hata mbwa wa Mama Mwendwa
alikuwa na mbweko wake maalumu.

Kisha akaja kijana mmoja, Yaredi, begi mgongoni,
na kisanduku cha njano cha kukusanyia sindano.
Anapokea zilizotumika, anatoa mpya,
haulizi mtu anasali wapi.
Mtaa ukachemka: Wanawagawia wanetu kifo kwenye bahasha!
Mjumbe akapitisha daftari, tutie sahihi afukuzwe.
Jina langu ni la kumi na saba.
Kalamu iligoma kidogo. Nikaitikisa, nikaandika.

Mwezi uliofuata tulimzika Mapunjo.
Vijana wanne walikuwa wametumia sindano moja,
ila msibani ilisomwa kuwa marehemu aliugua ghafla.
Mchango wa jeneza ulitimia asubuhi moja tu,
tulivyo wepesi wa kutoa
mtu akishalala.
Safari hii daftari halikupitishwa.

Sasa ni Julai, baridi ya Dodoma inauma masikio,
upepo unaleta mchanga mpaka kwenye meno.
Saa kumi na mbili namsindikiza Itega.
Jumapili pia. Sikukuu pia.
Tunapita ukuta wa Mirembe, na tunaopishana nao
wanatutazama mmoja mmoja
wakikisia mgonjwa ni yupi.

Dirishani nesi anapima dawa,
anasukuma kikombe kidogo, cha kuishia mkononi.
Ndahani anakunywa.
"Haya, taja jina lako."
Ndio utaratibu wao, wajue kweli imeshuka.
"Ndahani Chibago Mhembano."
Analitaja taratibu, kama anayeonja chumvi ya mboga.
Kutwa nzima ni hapo tu anapoulizwa.

Mama Mwendwa ananisubiri na pishi yake ya karanga:
"Si ulevi ule ule, ila huu wa serikali?"
Nikamtajia vidonge vyake vya presha,
mwaka wa tisa huu, kila siku pamoja na chai,
nikamuuliza hivyo navyo ataacha lini.
Akanyamaza.
Karanga alizonipimia hazikujaa.

Na Ndahani si malaika. Juzi alichelewa kurudi
na nilijikuta nahesabu vijiko.
Vilikuwa kumi na viwili. Vyote.
Nikavihesabu tena.

Jana usiku umeme ulikatika. Mama akaamka na kiu,
akatoka kwenye ndoo, akapapasa gizani.
Nikasikia kamba ikikwaruza ukuta.
Nikasikia maji, mafunda matatu,
halafu kimya kirefu cha mtu
anayetambua kwa vidole alichoshika.
Halafu funda la nne.

Kulipokucha kikombe kilikuwa msumarini.
Sikuuliza, naye hakusema,
aliendelea kupepeta mtama wake.
Ila fundo la kamba si lile la zamani.
Hili limefungwa kwa haraka, au kwa mkono uliotetemeka,
au limefungwa
na mtu anayetaka lifunguke.